Globu ya Kwenye Boksi la Vifaranga

Bariadi,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umeamka vizuri, na goti lisikusumbue sana na hiyo baridi ya Njombe. Kikohozi cha baba kimepungua? Mimi ni mzima, nakula, naenda kazini. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu siku hizi hunisikii vizuri, na mimi nikipaza sauti uani, nyumba nzima inajua habari zetu.

Uliniuliza kama ubadilishe globu zote hapo nyumbani uweke hizi taa za kupunguza matumizi ya umeme, maana vijana wa kwaya wanazipitisha nyumba kwa nyumba. Ukasema nikujibu ndiyo au hapana. Mama, siwezi kujibu hivyo. Ngoja nikueleze yaliyonipata.

Nyumba niliyopanga ni ya mjane mmoja anaitwa Mama Kabula, Msukuma wa Sapiwi, umri wake kama wako. Tunaishi naye mimi na mwalimu mmoja wa kike, Mwalimu Limi. Mita ya LUKU ni moja kwa nyumba yote. Miezi ile ya mwanzo baada ya kuhamishiwa huku, nilikuwa naongea ofisini tu, pale masjala, na maongezi yenyewe ni ya mafaili. Nikirudi nakuta uani wanaongea Kisukuma. Hawakunitenga. Wananisalimia, mwangaluka asubuhi, mwadila jioni, naitikia, halafu mazungumzo yanaendelea bila mimi. Jumamosi nzima ilikuwa inapita sijatamka neno zaidi ya kuuliza bei ya nyanya.

Umeme ulikuwa unaisha haraka, na kila ukiisha kunakuwa na minong'ono. Nikaona hapo ndipo na mimi naweza kufaa kitu. Nikanunua zile taa, nikamwomba Mama Kabula ruhusa, nikapanda kwenye kiti chumba hadi chumba kuzibadilisha. Kwa kweli zilisaidia. Yuniti zilizokuwa zinaisha kwa siku chache zikawa zinavuka wiki. Chumba changu kilikuwa cha moto, kikapoa kidogo. Na Mama Kabula, ambaye macho yake yana ukungu, akawa anachambua mchele jioni pale sebuleni na mawe anayaona. Siku hiyo aliniita kwa jina, "Rozina, umenipa macho." Mpaka hapo alikuwa ananiita mpangaji. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani nikalia kidogo, kwa furaha.

Ubaya wake pia niliuona. Ile ya chooni ilikuwa feki, mwezi haukuisha ikafa. Nyingine, ile ya mrija uliosokotwa, ilinidondoka ikapasuka. Nilipotaka kuzoa vipande kwa mkono, Mwalimu Limi akanizuia. Alisema ndani mna zebaki, nifungue dirisha nitoke kwanza, kisha nizoe kwa karatasi ngumu na kuvifunga vizuri. Halafu ule weupe wake, mama. Chumba changu kilifanana na pale wanapokalia wagonjwa wakisubiri kuitwa. Nikijitazama kwenye kioo namwona mtu anayeumwa. Nikawa naizima mapema na kukaa mlangoni gizani, mpaka majirani wakadhani nimesafiri.

Sasa, Mama Kabula alikuwa ameagiza vifaranga sitini wa siku moja kutoka Mwanza, wawe kuku wa harusi ya binti yake Kabula. Aliwaweka stoo kwenye boksi kubwa, juu amening'iniza globu ya zamani, ile ya mwanga wa njano. Walipofika siku ya nne, pamba ikawa imepasuka shambani, ikabidi aende Sapiwi kuchuma. Akaniachia mimi vifaranga. Alinionyesha maji na chakula, akasema, "Nakuachia kama ningemwachia Kabula."

Mama, maneno hayo yaliniingia. Jioni nikaingia stoo, nikaona ile globu inawaka mchana kutwa na usiku kucha, nikafikiria yuniti. Nikaitoa, ilikuwa ya moto hata ikaniunguza vidole. Ikaniponyoka ikavunjika. Sikujali, nikaweka taa mpya. Mwanga ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza, nikaenda kulala nimeridhika. Mimi, mtoto niliyekulia kwako na kuku wako, sikukumbuka kwamba ile globu kazi yake haikuwa kuwaangazia. Ilikuwa ndiyo mama yao.

Msimu huu Bariadi kuna kaubaridi alfajiri. Asubuhi nilipofungua niliwakuta wamelundikana kona moja, wamekandamizana. Niliwatoa mmoja mmoja nikawapanga sakafuni. Arobaini na mmoja walikuwa wamekufa.

Nilishika simu nikaiweka. Nilijijua, nikipiga nitasema wamekufa wachache, halafu nitakata. Mwalimu Limi akanisaidia kuwasha mkaa kwenye chungu, tukakiweka katikati ya waliobaki, dirisha tukaliacha wazi moshi utoke. Akakubali kuwaangalia. Nikapanda bodaboda mpaka Sapiwi.

Nilimkuta katikati ya pamba, amefunga mfuko kiunoni. Nikamwamkia, nikamweleza palepale nikiwa nimesimama.

"Wangapi?" akauliza.

Nikamtajia. Akaendelea kuchuma vitumba vitatu au vinne bila kunitazama.

"Globu uliitolea nini?"

Ningeweza kusema ni yuniti. Lakini nilikuwa nimechoka, mama. Nikamwambia, "Nilitaka urudi ukute nimefanya kitu. Nilitaka uniite jina tena."

Akafungua ule mfuko kiunoni. "Waliobaki yuko nani nao?"

"Mwalimu Limi."

"Basi twende, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Hao waliobaki ni wetu."

Madukani tulitafuta globu za zamani hatukupata hata moja, wauzaji wanasema hakuna anayezileta tena. Kwa hiyo tukawalea kwa chungu cha mkaa, kwa zamu, mimi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi, yeye mchana. Kwenye kupokezana zamu ndipo tulipoongea. Hakuwahi kunirushia neno. Harusini watu watakula ng'ombe, alisema hivyo tu. Siku moja akaniuliza kama wewe unajua ninavyoishi huku. Nikamwambia kila nikipiga simu nakuambia niko salama.

"Hayo majibu unanipa na mimi," akasema.

Vifaranga sasa wameota manyoya, mkaa hawauhitaji, na zamu zetu zimekwisha. Mama Kabula yuko Sapiwi siku nyingi, pamba bado ipo na maandalizi ya harusi yanafanyika hukohuko. Mwalimu Limi anafundisha masomo ya ziada. Kwa hiyo nyumba imerudi kuwa kimya, na Jumapili kama leo ni ndefu sana.

Kuhusu taa zako, badilisha sebuleni, jikoni na ile ya nje inayokesha. Usichukue zile za mrija, na muulize muuzaji kama atakurudishia nyingine ikifa mapema. Chumbani kwenu tafuta hizihizi mpya zenye mwanga wa njano, zipo. Kwenye banda la vifaranga mtu yeyote asiguse, hata akiwa ni mimi.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonikalisha kuandika. Mama, sipo salama kama ninavyokuambia. Siumwi, ila niko peke yangu mno. Mama Kabula alipokuja juzi kuchukua nguo alinipa kadi ya harusi. Nikaifungua, nikaona ameandika majina mawili, langu na lako. Amesema atakulaza chumbani kwake. Njoo, mama. Goti likikubali, njoo.

Mpe baba shikamoo yangu. Msalimie kaka na matofali yake, na wifi, mwambie watoto wasisahau sura ya shangazi yao. Shangazi wa Makambako naye mwambie namkumbuka.

Nasubiri uniambie unakuja na basi la siku gani.

Binti yako,
Rozina