Hodi Tatu za Alasiri

Zuhura, mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya mlango wangu hapa Ilemela, palepale nilipokuwa siku ile ulipokuja nikakunyima hata sauti. Unanijua na hasira zangu. Tangu utotoni ulikuwa unasema, "Dada akinuna, hata kuku hawali."

Unakumbuka msiba wa mama? Mimi nilikwama Busisi nasubiri pantoni, daraja lilikuwa bado halijafunguliwa, na simu imezima. Nafika Kisesa, kaburi limeshafukiwa. Ukaja kunikumbatia, ukasema, "Dada, maiti hacheleweshwi." Najua hacheleweshwi! Lakini nilitaka kumuona uso. Nikakusukuma, nikaapa mbele ya watu wote: "Wallahi, Zuhura, sitakufungulia mlango wangu mpaka nakufa." Shangazi alikimbilia kuniziba mdomo, akachelewa.

Miaka miwili nikakaa na kiapo changu najiona mcha Mungu. Nilidhani kukishika ndiyo dini.

Halafu ukaja. Ilikuwa alasiri, napepeta mchele. Nikazijua ndala zako kwenye yale mawe ya kupandia kwangu, nikakijua na kikohozi. "Hodi, dada. Hodi. Ni mimi, nimekuletea sato." Nilishika ungo usitoe hata mlio. Ukabisha hodi ya tatu, na mama alitufundisha mgeni hazidishi tatu, ukaondoka. Samaki huyo ulimwachia jirani yangu, Mama Bhoke. Siku ya tisa nikaletewa habari kwamba moyo wako umesimama.

Nilipotoka kukuzika, zikaanza. Kila alasiri, jua linawaka, nasikia kikohozi, kisha hodi, hodi, hodi. Nikasema ni akili yangu hiyo. Nikasoma Ayatul Kursi, hazikukoma. Siku moja Mama Bhoke, unamjua alivyo mtu wa kucheka, akaniuliza bila kucheka:

"Dada, huyo mgeni wako mbona humfungulii? Kila siku anakohoa hapo."

"Kwani unamuona?"

"Namsikia. Nikichungulia, hayupo."

Kesho yake, hodi ya tatu ilipopigwa, nilifungua. Nikasema, "Ingia, Zuhura." Hapakuwa na mtu. Jiwe la mlangoni lilikuwa limelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Pazia likavimba kuja ndani, likatulia. Ningekuapia kwamba kuna mtu alinipita, lakini kuapa nimekoma.

Kiapo ndiyo kimevunjika hivyo. Nikafunga siku tatu kuwa kafara ya kiapo, si ndivyo tunavyoona wenzetu wakifanya? Nilipomaliza nikaenda kwa shehe kumweleza.

"Nani kakutuma ufunge, mama?" akaniuliza. "Kufunga ni kwa asiye na uwezo wa kulisha. Wewe si unauza mchele?"

"Lakini shehe, niliyemfungulia ni marehemu."

"Marehemu habishi hodi. Ila wewe ulipofungua, ulikusudia kumfungulia nani?"

"Zuhura."

"Basi lisha masikini kumi, moyo wako utulie." Kisha akasema taratibu, "Kiapo cha kukata udugu hakishikwi, mama. Ulitakiwa ukivunje siku ileile aliyokuja, umfungulie, halafu utoe kafara. Ilikuwa ni chakula cha watu kumi tu."

Watu kumi tu, Zuhura! Nililia njia nzima, watu wananishangaa.

Jumapili niliwapikia masikini kumi wali na samaki, chakula kilekile ninachokula mwenyewe. Wakala, wakakuombea dua. Tangu siku hiyo hodi zimekoma. Mama Bhoke ananipongeza, eti sasa nimepumzika. Nimepumzika wapi? Kila alasiri nakaa hapa nimetega sikio, nasikia ndege zinatua uwanjani na watoto wa jirani wanagombana, basi. Ulikuwa unanitisha, mdogo wangu, lakini angalau ulikuwa unakuja.

Nilirudi kwa shehe. Nikamwambia, kafara ya kumfungulia nimetoa, je, ya ile siku nisiyomfungulia? Akasema hiyo hailipwi kwa chakula, hiyo ni haki yako wewe, nilipaswa kukuomba radhi ukiwa hai. Mimi ndiyo nakuomba sasa, kwa kuchelewa kwangu. Nisamehe. Allah akurehemu, akupe nafasi kubwa huko uliko kuliko niliyokupa mimi.

Na kama umenisamehe, njoo ubishe hodi. Hata moja.

Dada yako