Alikuwa Amelala

Kondo, weka chai chini. Natoka Msimbu sasa hivi, shangazi Mwanaasha kanisimulia kisa cha mama yake, Siwema.

Enzi za Mwingereza, jirani yao Shomari alimpasua kichwa mume wa Siwema kwa panga. Mchana kweupe! Marehemu kashiba ugali wake, kajilaza mkekani. Ugomvi wa mpaka wa shamba tu.

Mahakamani Kisarawe, hakimu Mzungu akauliza mumewe alikuwa anafanya nini. Siwema akajibu, "Alikuwa amelala."

AMELALA, Kondo!

Mkalimani akaigeuza kauli hiyo neno kwa neno. Kwa Kizungu ikatoka kwamba alishalala, usingizi ukamwisha. Akamgeukia Siwema: "Bwana hakimu anasema mumeo alikuwa macho, basi walipigana. Shomari ataachiwa."

Shomari akacheka. "Shemeji, nenda kapike."

Siwema damu ikampanda. Akalinyakua lile panga la ushahidi, lina damu kavu ya mumewe, akalishusha mezani. PUU! Katikati ya vidole vya mkalimani.

"Mwanangu, nimekukata?"

"Hujanikata, mama! Bado hujanikata!"

"Kumbe unajua 'hujanikata' si 'hukunikata'! Haya, mwambie Mzungu wako mume wangu alikuwa AMELALA!"

Akatafsiri upya huku analia: alikuwa usingizini, anakoroma. Shomari akanyongwa.

Na lile panga lilizama kwenye meza, askari sita wakalivuta wakashindwa. Kondo, sisemi halikung'oka. Nasema halijang'oka.