Jina la Karimi Halimo

Jumatatu, 10 Januari 1955

Chifu amerudi kutoka bomani. Serikali itatoa nguo za shule bure — kaki kwa wavulana, gauni za buluu kwa wasichana. Kwa familia za watiifu kwa serikali tu. Watoto thelathini, lokesheni nzima! Orodha naandika mimi, karani. Mtoto wa aliye kizuizini asiandikwe. Nikajibu, ndiyo mzee. Kwa ndiyo mzee mimi ni hodari.

Jumanne, 11 Januari

Amekuja Kaari, mke wa Marete aliye kizuizini Manyani. Anamwombea binti yake Karimi gauni. Mwaka huu mwalimu mkuu hapokei mtoto asiye na sare. Shida ni kwamba ukoo wao na wetu ni gichiaro. Kiapo cha mababu: gichiaro akikuomba, humnyimi. Wala humdanganyi — ukimdanganya, balaa ni yako na watoto wako. Kumnyima nimeshindwa. Kumwandika nimeogopa. Nikasema, "Nimeshamwandika, Mama Karimi." Mjinga mimi!

Jumatano, 12 Januari

Nafasi moja ilibaki. Nimemtia Ntinyari, binti yangu. Mimi mwenye mshahara! Tarishi Njoka ameipeleka orodha bomani. Nakala ninayo.

Ijumaa, 14 Januari

Nguo zimegawanywa. Kaari alisimama hadi jina la mwisho. Sikuinua macho. Nikamsikia akiwaambia wenzake jina limepotelea kwa wazungu, karani hana kosa. Afadhali angenitukana. Kumbe gauni kuukuu la shule la Karimi alishampa mtoto wa dada yake, kwa kuniamini mimi.

Jumapili, 16 Januari

Ntinyari ana homa. Ni baridi tu. Mama yake pia anasema ni baridi. Kanisani sikwenda.

Jumatatu, 17 Januari

Shule imefunguliwa. Karimi amerudishwa mlangoni. Mama yake akamleta moja kwa moja ofisini, akamwomba Chifu orodha ifunguliwe. "Huyu ni gichiaro yangu," akasema mbele ya watu. "Yeye hawezi kunidanganya hata kidogo. Kuna mtu amefuta jina ya mtoto wangu." Chifu akamgeukia Njoka. Mzee wa watu akaanza kuapa. Siku hizi mtu hupelekwa kizuizini kwa kosa dogo kuliko hilo. Nimeambiwa nilete nakala saa nane kamili.

Sasa ni saa saba na nusu. Nakala iko mbele yangu. Safi, haina palipofutwa. Nikimwongeza Karimi, itaonekana Njoka ndiye aliyemfuta njiani. Nisipomwongeza, Kaari atajua.

Yeye na binti yake wamekaa barazani. Sasa hivi amegonga dirisha, akanipitishia nusu ya kiazi kitamu chao. Ati karani hajala tangu asubuhi. Chakula cha gichiaro hakikataliwi, nimekipokea. Naona aibu, Mungu wangu, naona aibu. Kiazi kiko mdomoni, hakimezeki, na Chifu anaita —