Vinyago vya Mogaka na Vyangu

Jumatatu, 10 Aprili 1972

Mvua tena. Nimetoboa bega la kinyago cha tatu leo, nalo limepasuka kama la kwanza na la pili. Vitatu kwa siku moja! Nimevitupa migombani. Moraa amekwenda kuviokota, eti ni vibaya kumtupa mtu, hata akiwa wa jiwe. Mke wangu ana maneno.

Ni vinyago vidogo, kimo cha kidole. Mikono na magoti yanacheza, yameshikwa kwa kipande cha spoki ya baiskeli. Mpiga obokano, kinubi chetu kikubwa, ndiye mgumu kuliko wote. Ukimsukuma mkono, apige nyuzi zake. Wangu hawapigi kitu. Wanavunjika.

Mogaka hajavunja hata kimoja. Ndugu yangu mdogo, nyumba yake iko hapo ng'ambo ya migomba. Nimemsikia akipiga mluzi mchana kutwa. Ule mluzi utaniua.

Moraa anasoma Biblia ya Ekegusii tu. Ndiyo maana naandika Kiswahili.

Jumatano, 12 Aprili

Kisii mjini, mimi na Mogaka. Bwana Athumani mwenye duka amepata mgeni anayekusanya vinyago vya viungo vinavyocheza. Mgeni anataka seti nzima, itoke kwa mchongaji mmoja ili vifanane. Mwaka mzima wa kazi. Mmoja wetu ataipata, mwingine atabaki kuchonga visahani vya majivu ya sigara.

Amevipanga kwenye kaunta. Vya Mogaka kushoto, vyangu kulia. Akavichezesha mikono kimoja kimoja, taratibu, kama daktari. Akasema mchunga ng'ombe wangu amesimama kama karani anayengoja mshahara. Duka zima likacheka. Mogaka naye alicheka. Nilimwona.

Kisha mkono wa mpiga obokano wangu ukabaki kwenye vidole vya Athumani.

"Pole, kijana," akasema.

Kijana! Nina miaka thelathini na minne.

Jumatano ijayo kila mmoja wetu apeleke sita, aviangalie mara ya mwisho, aamue. Njiani Mogaka alianza kuniambia kitu kuhusu kutoboa. Nikamwambia anyamaze, sijafika umri wa kufundishwa na mtoto niliyembeba mgongoni. Akanyamaza.

Alhamisi, 13 Aprili

Shimoni, tunakochimba jiwe la kuchongea. La msimu huu ni jeupe, limejaa mishipa. Takataka.

Katikati ya shimo kuna nguzo. Waliochimba zamani waliiacha ibebe dari. Ni jiwe la waridi, halina mshipa hata mmoja. Mzee Onsongo, mkubwa wa shimo, ana desturi yake akipita pale. Anaitemea mate, anasugua kwa kidole gumba, rangi ya waridi inajitokeza. Leo amefanya hivyo tena. Amesema waridi ya namna hii haipo kwenye shimo lingine lolote, na anayeigusa anagusa watu wote walio ndani.

Mogaka ametoka na jiwe lake limefungwa ndani ya gunia. Sisi wote tunabeba wazi begani. Kwa nini yeye afunge?

Nadhani najua. Anaila nguzo, kidogo kidogo. Mjanja yule.

Ijumaa, 14 Aprili

Vingine viwili vimepasuka. Nimebakiwa na kimoja kizima, nacho kimepinda shingo.

Ninamchukia. Basi, nimeandika. Tangu utotoni watu wanakuja kwa mama wanamsifu yeye, mimi naambiwa nimwangalie asianguke. Nimemwangalia maisha yangu yote.

Jua linatua, Sabato inaingia. Zana chini. Moraa amenifulia shati jeupe.

Jumamosi, 15 Aprili

Nimesema tumbo linanisokota. Moraa alitaka kubaki anipikie uji, nikamfukuza aende kanisani. Kerubo, mke wa Mogaka, alipita na mtoto mgongoni, akaniachia limau. Nililitazama tu.

Mzee Onsongo hufunga shimo siku ya Sabato. Hata Wakatoliki hawaingii. Hakuna aliyeniona.

Kwanza nilitafuta alama za shoka la Mogaka kwenye nguzo. Nilizunguka mara mbili. Sikuona alama hata moja. Nikajiambia ni giza.

Nilikata chini, upande usioonekana kutoka mlangoni. Kipande kikubwa, kiasi cha debe. Jiwe tamu, linakatika kama sabuni. Lilipotoka, changarawe kidogo ilishuka kutoka juu ikanimwagikia shingoni. Nikasimama nikasikiliza. Kimya. Nikatoka.

Liko chini ya kitanda. Jumatano nitamwonyesha Athumani mpiga obokano ambaye hajawahi kumwona.

Jumapili, 16 Aprili

Mogaka amekufa.

Alipita asubuhi kunijulia hali. Aliniita twende wote, Wakatoliki wako misa, Wasabato wenzetu wanapalilia, shimo lote ni letu. Nikasema tumbo bado. Alicheka, akasema nile lile limau la Kerubo. Akaenda akipiga mluzi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikaa kitandani nikawaza, nitamkatazaje asiingie bila kujitaja? Nikaona haitatokea kitu. Nguzo imesimama tangu zamani.

Dari ilipoporomoka hatukusikia kishindo kikubwa. Kama mlango unaofungwa na upepo. Nilikimbia kuliko wote. Nilichimba kwa mikono, peke yangu, kisha na mzee Onsongo, mpaka watu wakatoka misa wakaja na majembe. Tulimfikia baada ya adhuhuri. Uso haukuwa na jeraha.

Mama amepiga kelele mpaka sauti ikaisha.

Jumanne, 18 Aprili

Tumemzika. Mimi ndiye niliyeanza kuchimba kaburi. Hakuwa na ndugu mwingine.

Mchungaji amesema ni mvua. Wazee wamesema ni mvua. Kaka yake Moraa, aliyetoka Ikonge kwenye michai yake, amesema hizi mvua za mwaka huu si za kawaida. Nikaitikia. Ndiyo, mvua. Nimesema mvua mara ngapi leo!

Mama amenishika mikono yote miwili mbele ya watu. Ameniambia nilimchimba ndugu yangu kwa kucha, kwamba hakuna kaka kama mimi Kisii nzima. Nimeichomoa mikono nikageuka. Wamenipiga mgongoni, wakadhani ni kilio.

Jumatano, 19 Aprili

Leo ndiyo siku ya Athumani. Sikwenda. Sikugusa zana.

Jumatano, 26 Aprili

Kerubo amekuja na karai la Mogaka, limefunikwa kwa lile gunia lake. Ameniomba nimalizie kazi ya mumewe niipeleke mjini, labda Bwana Athumani atampa seti ile, mimi nichonge, yeye apige msasa, watoto wapate cha kula. Alisema bila kulia. Nikakubali. Ningekataaje?

Nimefunua gunia akiwa amekwisha kuondoka. Gunia limeota ukungu kwa maji. Alikuwa analilowesha ili jiwe lisikauke njiani. Basi. Hiyo ndiyo siri ya gunia.

Jiwe ni jeupe. La mishipa. Takataka ile ile ninayochonga mimi.

Ndani ya karai mlikuwa na vinyago vinne vimekwisha, na viwili havijaisha. Kimoja kati ya hivyo bado ni kipande cha mraba, hakina mkono wala kichwa. Lakini tundu la bega limekwisha kutobolewa. Nimekikodolea macho mpaka Moraa akaniuliza nina nini.

Alikuwa anatoboa kwanza, jiwe likiwa nene na limelowa. Ndipo anachonga mkono kuzunguka tundu. Mimi nachonga mkono kwanza, ukishakuwa mwembamba ndipo naupiga msumari.

Ndiyo hayo aliyotaka kuniambia njiani.

Jumapili, 30 Aprili

Nimetoboa kwanza. Vitatu, vyote vizima. Rahisi hivyo, hata mtoto angeweza.



Jumatano, 3 Mei

Nimepeleka kumi kwa Bwana Athumani. Vinne vya Mogaka, sita vyangu. Amenipa pole ya msiba, safari hii akaniita bwana. Akavipanga kwenye kaunta, akavigeuza, akachezesha mikono. Akamchukua mpiga obokano wa Mogaka na wangu, akawasimamisha pamoja, akawachezesha kwa zamu. Akamwita mkewe kutoka ndani naye aangalie.

"Lahaula! Siwezi kuwatofautisha," akasema. "Mkono ni ule ule."

Tumepata kazi ya mgeni. Sina furaha hata tone. Kikulacho ki nguoni mwako, Mogaka, nami ndiye niliyekuwa nguoni.

Jumatano, 10 Mei

Kerubo anataka jiwe la kaburi, la kuandika jina. Ameniomba nimtafutie zuri kidogo, lisilo na mishipa, jina lisije likapasuka. Shimo limefungwa. Hakuna jiwe popote.

Silali juu ya kile kitanda tena. Nalala chini, upande wa pili. Moraa anadhani ni mgongo.

Jumatatu, 15 Mei

Nimelitoa.

Jumapili, 21 Mei

Leo jua limetoka. Nimelisimamisha jiwe kichwani pa kaburi, nimelichonga jina tu na mwaka. Kerubo ameshukuru sana. Amesema tangu msimu uanze hajaona jiwe zuri namna hii. Mama amelipapasa kama uso wa mtu. Hakuna aliyeniuliza nimelipata wapi.

Mzee Onsongo alifika wakati wa chakula. Anatembea kwa fimbo tangu siku ile tulipomfukua Mogaka. Alisimama kaburini peke yake. Nilikuwa mlangoni namwona. Akainama, akatemea mate pembe ya jiwe, akasugua kwa kidole gumba.

Rangi ya waridi ikajitokeza. Kisha akageuka, akaniangalia. Nikangoja aseme. Naapa, nilitaka aseme.

Kerubo akamkaribisha ndizi na maziwa. Mzee akaomba maji ya kunawa tu. Alinawa kile kidole kwa makini, akamuaga Kerubo, akamuaga mama, akamuaga Moraa. Mimi alinipita.

Kerubo amesema mzee siku hizi amechoka, anasahau watu.