Mama Hataki Kuitwa Namba

Dada Secilia mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo sijathubutu kumwambia mtu. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, kwetu ni upande wa Lukozi. Mama aliponizaa kibofu chake kilitoboka, mkojo ukawa unamtoka wenyewe usiku na mchana, na sokoni Soni akawa anauza kabeji zake pembeni peke yake, wenzake wakimtaja jina na kuongeza neno ambalo siwezi kuliandika, mpaka mwaka jana alipokuja Daktari Sefania, mtafiti wa magonjwa ya kibofu, akamfanyia upasuaji bila malipo, mama akapona, na Idi hii amekaa katikati ya wanawake wenzake akila pilau, nami nikatoka nje nikalia kwa furaha. Mungu amlipe daktari yule.

Alipojua napenda kusoma alinipa makala zake, nikazisoma kwa kamusi, nikaona humo wanawake hawana majina, ni namba na umri tu. Sasa anataka kuandika habari za mama katika kijitabu cha Kiswahili kitakachogawiwa zahanati na shule, na takwimu za ugonjwa wake zitunzwe kwenye kompyuta, wapewe pia watafiti wa hospitali nyingine, lakini jina lisitajwe. Mama akamjibu, "Nilipokuwa nanuka, soko zima lilinitaja kwa jina. Leo nimepona ndiyo niwe namba?" Daktari akacheka, "Basi mama, niandikie unavyotaka, nitawapelekea wakubwa wangu."

Mama hajui kuandika, ameniagiza mimi, niweke jina lake lote na kijiji. Nilimkimbilia baba nikidhani atakataa, naye akasema, "Kanga zake nimezifua mimi tangu wewe uko mgongoni. Nimwonee haya nani?" Lakini Dada, kijitabu kikifika shuleni wasichana watanicheka, najiona sina shukrani, ila nafikiria kuandika kwamba mama amekubali asitajwe, maana hatajua. Nifanye nini?

Msomaji, Lushoto

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi mama amepona. Baba yako mpe salamu zangu. Waume wa namna hiyo hawaonekani sana katika barua ninazoletewa.

Sasa sikia. Kuona haya si kosa. Lakini hilo la kuandika usichoagizwa likome leo. Mama amekukabidhi mdomo wake, nawe unataka kuuziba? Elimu hukupewa kwa kazi hiyo.

Daktari naye ana sababu. Takwimu zikishafika hospitali nyingine hakuna wa kuzirudisha, na jina likifuatana nazo litasomwa na watu ambao mama hatawajua kamwe. Mweleze hayo kwa Kishambaa, taratibu, bila kumtisha. Mwambie takwimu zinaweza kwenda bila jina, na kijitabu kikawa na jina, wakubwa wa daktari wakiridhia. Mwambie pia kwamba wewe unaona haya, asije akalisikia kwa mwingine. Kisha nyamaza, aamue yeye. Atakalosema liandike lilivyo, umsomee. Akisema "hapo sivyo", futa.

Na wasichana wakicheka? Kati yao yupo ambaye mama yake au shangazi yake anakaa peke yake hivi sasa. Huyo hatacheka. Atakuvuta kando akuulize daktari anapatikana wapi. Uwe na jibu.