Viatu Vilivyonifunga Arua

Arua, Uganda
Shaabani, 1974

Kwako mama yangu,

Shikamoo mama. Na shikamoo nyingine juu yake, maana ya kwanza ni ya leo na hii ya pili ni ya asubuhi zote nilizoamka bila kukuamkia. Goti linaendeleaje? Bado unashuka ngazi kwa kukaa kitako kama mtoto, au hatimaye umekubali kuhamia chumba cha chini? Najua hujakubali. Mimi mwanao Athmani ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naswali.

Kabla sijaendelea, namwomba dada Mwanasha, ambaye ndiye anayekusomea, afunge mlango wa uani na asome polepole kwa sauti ndogo. Barua hii haikupita posta. Huku barua za posta hufunguliwa na kusomwa, zinazotoka na zinazoingia, ndiyo maana zile zangu za nyuma zilijaa "niko salama, kazi ni nzuri" kama kasuku aliyefunzwa. Hii inabebwa na dereva wa lori la tumbaku mpaka Kampala, na huko atamkabidhi mtu wa reli. Waombeeni dua wote wawili.

Mama, nimekwama.

Unakumbuka nilikuja huku kumfanyia kazi Mhindi mwenye duka la viatu. Alipoondoka pamoja na Wahindi wenzake, duka lilipewa kapteni mmoja wa jeshi, Mnubi wa huku huku, kwao Koboko. Sisi sote tunamwita Afande. Siku alipoingia dukani mara ya kwanza mimi nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu. Akaitazama cherehani ya kushonea ngozi, akanitazama mimi, akauliza, "Hii masini, nani najua kushona?"

Nami kwa kiherehere changu nikajibu, "Mimi, Afande." Laiti ningemeza ulimi siku ile. Akasema anataka kuiona pasi yangu ya kusafiria. Akaiona, akaitia mfuko wa shati, na hadi leo imo kwenye droo ya meza yake na ufunguo anatembea nao.

Bila karatasi ile sivuki daraja la Pakwach, na bila kuvuka daraja lile hakuna Kampala, hakuna reli, hakuna Mombasa. Kongo iko karibu, watu huenda kwa baiskeli kununua sabuni na kurudi. Lakini mwashi mmoja wa kwetu Kenya, naye pasi yake ilikuwa kwa mkubwa fulani, alijaribu njia hiyo. Baiskeli yake ilirudi. Yeye hakurudi, na hakuna anayeuliza.

Sitaki kumsingizia Afande. Hajaninyanyulia mkono hata siku moja. Akichinja ananiletea nyama, nikiumwa anamtuma mtu na uji. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya, maana ningemchukia nikapumzika. Huyu ananiuliza kama nimekula, kisha anaufunga mlango.

Sasa nikueleze habari ya viatu, maana ndiyo iliyonifikisha hapa.

Afande anapenda mbio kuliko chakula. Alipanga mbio za kupokezana kijiti kutoka Koboko mpaka Arua, timu yake dhidi ya timu ya kambi nyingine, kila mkimbiaji na kipande chake cha njia. Dukani yalikuwa yamebaki maboksi ya viatu vya michezo aliyoyaacha Mhindi. Afande akayafungua yote mezani, akawapanga wakimbiaji kwa mstari, akagawa viatu kwa cheo. Ndiyo, mama, kwa cheo! Sajini akapewa vile vya misumari kwa sababu ndivyo vilivyokuwa na bei kubwa kwenye boksi. Koplo akapewa vinavyofuata kwa kung'aa. Walio chini wakapata raba za turubai, na raia wawili waliochukuliwa kwa ajili ya miguu yao wakapata mabaki, kimoja kikubwa na kingine kidogo zaidi.

Walipojaribu njia ilikuwa aibu. Sajini Juma ni mtu mnene, akikimbia anatua kwa kisigino kama anayetwanga. Misumari ile imetengenezwa kwa uwanja laini na mtu mwepesi. Kwenye changarawe na mawe ya barabara ya Koboko iliteleza, ikapinda, akaanguka mbele ya kina mama wa sokoni. Wengine walirudi na malengelenge. Afande akaja dukani amevimba.

"Fundi, hii viatu iko na uchawi?"

Nikamwambia, "Afande, viatu havina kosa. Kila mguu una kiatu chake."

Akakaa juu ya boksi. Kisha akasema maneno ambayo niliyashika kwa mikono miwili: "Basi wewe chagua. Mutu yangu nashinda, mimi napa wewe karatasi yako, wewe nakwenda kuona mama."

Mama, nilifanya kazi ile kama niliyepewa roho mpya. Nilianza kama alivyokuwa akianza marehemu baba kwa wateja wa makubadhi: hakupima mguu kabla ya kutazama kiatu cha zamani kimelika wapi. Nikawaambia wote waniletee ndala zao. Ya Sajini ilikuwa imelika kisigino chote. Ya Candia, raia mmoja, Mlugbara mkulima wa Dadamu, ilikuwa imelika upande wa ndani. Ya raia wa pili, Ladu, mkimbizi kutoka Sudani anayebeba mizigo soko la Koboko, ilikuwa nzima kisigino na imetoboka mbele, maana yule anakimbia kwa vidole utadhani ardhi inamchoma.

Na Ijumaa msikitini, Mungu anisamehe, nilikuwa nikitazama miguu badala ya kuleta nia. Mtu akitoka kutawadha akakanyaga saruji kavu, unyayo wake wote unauona pale umechorwa kwa maji. Kuna anayeacha unyayo mzima kama kipande cha ubao, huyo mguu wake ni bapa. Kuna anayeacha kisigino na vidole tu, katikati pakavu, huyo mguu wake umeinuka na haupokei kishindo. Candia na Ladu ni Wakristo, basi nikawamwagia maji miguuni penye bomba la kambi na kuwatembeza juu ya saruji. Candia akacheka, "Fundi, wewe nataka kubatiza sisi tena?" Lakini unyayo wake ulikuwa bapa kama nilivyodhani.

Kwa Candia nikachukua raba ngumu na kuitia ngozi nene chini ya soli ya ndani, upande ule mguu unaolalia, ili usianguke. Kwa Ladu nikakitafuta kiatu chepesi kuliko vyote dukani, cha ngozi laini, kisigino chembamba, nikamvisha jioni baada ya kukimbia, wakati mguu umevimba, na nikaacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Alikishika muda mrefu bila kukivaa. Akaniuliza kama baadaye atadaiwa.

Shida ilikuwa Sajini. Kiatu kilichomfaa ni raba nene ya turubai, ile ile waliyopewa watu wa chini, niliyoiongezea mpira wa tairi la ndani kwenye kisigino. Aliponiona nampa raba yeye, na kile cha ngozi nampa mbeba mizigo asiye na hata kitambulisho, akasimama akawa mweusi zaidi.

"Wewe nashusha mimi cheo? Mbele ya mutu hii ya Sudani?"

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mkanda. Hapo ndipo wazo liliponijia, sijui kutoka wapi. Nikamwambia, "Sajini, hii haijaisha." Nikaichukua raba, nikakata vipande vitatu vya ngozi nyekundu, nikashona tepe tatu ubavuni, zile zile alizonazo begani, kulia na kushoto. Akazitazama. Akavaa, akapiga hatua dukani, akajitazama kwenye kioo cha wateja. Kisha akamwuliza koplo kwa dharau mbona vyake havina tepe. Nikalazimika kumshonea koplo mbili.

Siku ya mbio Ladu alianza Koboko na mguu wake haukuonekana kugusa chini. Candia alishika mlima bila kulalamikia nyonga kama alivyozoea. Sajini akapewa kipande cha mwisho kuingia mjini, kwa sababu ya cheo, na hilo sikuthubutu kulipinga. Aliingia Arua anahema kama injini ya reli, tepe nyekundu zimejaa vumbi, lakini mbele. Watu wa mtaa wa Oli walitoka wote barabarani. Ilipigwa doluka, ngoma ya Wanubi, na mimi, mama, nilicheza. Nilicheza kwa sababu nilikuwa nakuja nyumbani.

Jioni ile nikaenda kwa Afande. Alikuwa na furaha mpaka machozi. Akanikumbatia mbele ya wakubwa wenzake. Nikamkumbusha ahadi kwa adabu zote ulizonifunza. Akanishika mkono, akasema:

"Fundi, mutu kama wewe mimi natoa wapi ingine? Wewe iko mutoto yangu sasa. Hapana kwenda."

Nilifikiri anatania. Hakutania. Kumbe ningeshindwa ningetiwa ndani, na kwa kushinda nimefungwa kwa mapenzi. Kila tepe niliyoshona nilikuwa najishonea mwenyewe. Tangu siku ile amenipa nyumba ya vyumba viwili Oli. Ameagiza cherehani ya pili. Timu nyingine zinaleta miguu yao. Na sasa ameniambia kuwa baada ya Idi nitamwoa Zaitun, binti wa ndugu yake. Ni binti mwenye heshima, simlaumu kwa lolote. Yeye pia hakuulizwa. Lakini nikishaoa ndani ya ukoo ule, karatasi yangu itakuwa karatasi ya familia yao, na wewe utanisikia kwa salamu tu mpaka mmoja wetu afukiwe.

Nimebakiwa na njia moja. Vuta pumzi, mama, na Mwanasha usisimame hapa.

Afande ana udhaifu mmoja, naye ni mama yake aliyekufa. Kila wiki anakwenda Koboko kufagia kaburi lake kwa mkono wake mwenyewe, hamtumi askari. Mpishi wake, mtu wa Kisumu, alipoletewa telegramu kuwa mama yake amefariki, Afande alilia kuliko mpishi. Akatoa pasi droo, akampa sukari ya karama, ndiyo hitima ya huku, na gari lake likamfikisha mpishi mpaka ng'ambo ya Pakwach. Hakumwuliza atarudi lini, na mpishi hakurudi, na Afande husema tu, "Iko kwa mama yake." Mwingine alifiwa na baba akaomba vilevile. Akaambiwa, "Baba? Pole. Rudi kazi." Mimi mwenyewe nilijaribu kumfisha shangazi Fatuma, Mungu amzidishie umri. Nilipewa sukari nusu kilo na siku ya kupumzika. Msimwambie.

Sasa unajua ninachokuomba.

Ningeweza kumwandikia Mwanasha peke yake, atume telegramu kwa njia ya posta ya kawaida ili waisome wanaosoma, na wewe usijue. Nilianza barua hiyo nikaichana. Kwanza naogopa maneno. Sitaki mtu alitamke jina lako na mauti pamoja bila wewe kuridhia. Lakini kuna jambo jingine linalonizuia, nalo ndilo zito. Kwa Afande mama hufa mara moja. Ikiwa telegramu itakuja na mambo yakaharibika, Afande akiwa safarini, au daraja limefungwa, au akaamua karama isomwe hapa hapa kwa kuwa mimi ni mtoto wake, basi nitakuwa nimekutumia. Na siku ya kweli, ambayo namwomba Mungu aiweke mbali, habari ikinifikia nikiwa bado hapa Arua, sitakuwa na la kusema mbele ya mtu yeyote. Nitakaa kwenye cherehani nishone viatu vya watu, na sitaruhusiwa hata kuvaa uso wa msiba, kwa sababu kwao wewe utakuwa marehemu wa zamani.

Kifo chako ni mali yako, mama. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Usipotaka, usitume kitu, nami sitanung'unika. Nitaelewa na nitaoa. Ukikubali, Mwanasha aandike maneno machache tu, yafike kabla ya Idi, na wewe siku hiyo ukae ndani usionekane barazani, maana Mombasa ina macho na baadhi ya macho yana ndugu huku.

Nisalimieni dada Mwanasha mwenyewe na mumewe baharia, akiwa nchi kavu. Nisalimieni mjomba mwadhini, na yule jirani anayekuletea maji ukiwa huwezi kushuka. Mwambieni nitamlipa kwa kumshonea makubadhi.

Mama, nimejifikiria siku telegramu itakapofika, nimesimama mbele ya Afande naisoma. Nilidhani itabidi nijifunze kulia. Jana nimejaribu kuyasema yale maneno peke yangu, kwa sauti, nione kama yatatoka. Nilishindwa kuyamaliza, nikalia mpaka Zaitun, aliyetumwa kuniletea chakula, akagonga mlango kuuliza nani amekufa.

Nikamwambia bado.

Mwanao anayesubiri radhi yako,
Athmani