Katuni Bila Sauti

Mpendwa Baraka,

Huku Mbozi hatujambo, tunachuma kahawa. Umeniuliza kwa nini mbwa na paka wa katuni wanaumizana nasi tunacheka. Hata mimi bado najiuliza.

Tulipomzika bibi yako nilikuwa na miaka tisa. Matanga yalikuwa hayajaisha, televisheni hairuhusiwi kusikika, basi nikawasha katuni bila sauti. Mbwa alimpiga paka kwa kikaango hadi akawa bapa kama chapati. Paka akainuka, akajikung'uta. Nyuma yangu babu yako, ambaye hakuwa ameonja chakula tangu mazishi, akacheka.

"Unacheka msibani?" dada yake akamkemea.

"Namcheka paka, dada. Kila akipigwa anainuka."

Kisha akaomba ugali.

Shangazi yako,
Atupele